Kartoni ya mgongo: mwalimu wa Kipese, sanduku la bede na makaratasi ya wahamaji

KIPESE, teritware ya Lubero. – Mwezi wa saba 2024, siku chache baada ya Kanyabayonga kuanguka, mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Kipese alifungua sanduku la chuma ambalo lilikuwa halijafunguliwa tangu miaka mingi. Hakulifungua kwa hamu ya kusoma. Alikuwa anatafuta nafasi. Familia ya watu sita ilikuwa imefika kwake kutoka kusini: mama, mukaka na watoto wanne. Chumba cha nyuma ndicho pekee alichoweza kuwapa, na sanduku lilikuwa limejaza kona nzima ya chumba hicho.

Ndani kulikuwa na bede, yaani vitabu vya hadithi za picha, karibu mia moja na arobaini. Kulikuwa na majarida ya Tintin na Spirou yaliyoachwa na mapadri. Kulikuwa na nambari kadhaa za Kouakou, lile jarida la watoto ambalo Ufaransa ilianza kuligawa bure mwaka 1966 katika shule za Afrika zinazosema Kifaransa. Kulikuwa na albamu za Mongo Sisse pamoja na kijana wake Bingo, na kazi za Barly Baruti, mchoraji aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959. Chini kabisa kulikuwa na nambari mbili za Jeunes pour Jeunes, jarida la Kinshasa la mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo vijana wa wakati ule walilinyang'anyana kwa sababu lilichora mtaa wao na kusema lugha yao.

Mwalimu si tajiri, wala hakusomea kazi ya maktaba. Alifundisha darasa la tano na la sita kwa zaidi ya miaka thelathini, na bede ndizo zilizomsaidia kufundisha Kifaransa kwa watoto ambao nyumbani walisema Kinande tu. Mtoto asiyejua neno alitazama picha, akakisia, akacheka, na neno likabaki kichwani. Ndiyo maana hakuzitupa wakati wengine walipokuwa wanafungia karanga kwa kurasa zake.

Mwaka 1996, vita vya kwanza vilipoanza, alizipanga kwa haraka. Alikata kartoni za sabuni, akaweka kipande kimoja nyuma ya kila bede ili isikunjike, akafunga kwa sashe na kamba. Alilala akijua amefanya kazi nzuri.

Siku ile ya mwezi wa saba alitoa ya kwanza, akaigeuza, akakuta mgongo umekuwa na rangi ya chai. Rangi hiyo haikuenea ovyo. Ilikuwa na pembe nne, imenyooka, sawasawa na umbo la kile kipande cha kartoni ya sabuni. Alipojaribu kufungua, karatasi ilivunjika kama jani la mgomba lililokauka. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Lakini bede chache ambazo kartoni haikutosha, zile alizozibana tu katikati ya nyingine, zilikuwa zimegeuka njano kwenye kingo peke yake. Kurasa zake zilikuwa bado zinapinda.

Yule mama mgeni alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Akatazama, akauliza: "Mwalimu, kumbe mulinzi njo alikuwa anakula?"

Waliokuwa pale walicheka kidogo, kisha wakanyamaza.

KWA NINI KARTONI INAKULA KARATASI

Karatasi nyingi za magazeti na bede za zamani zimetengenezwa kwa mti uliosagwa. Ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini, ndicho kinachoupa mti ugumu wake. Lignini ikipata mwanga, hewa na joto, inageuka njano na kuzaa asidi. Viwandani pia, kwa muda mrefu, walitia dawa ya kuzuia wino usisambae, na dawa hiyo nayo ilileta asidi. Asidi inakata nyuzi za karatasi polepole. Ndiyo sababu gazeti la zamani linavunjika ukilikunja mara moja tu.

Kartoni ya kijivu au ya rangi ya udongo, ile ya masanduku ya sabuni na biskuti, imetengenezwa kwa mabaki ya karatasi za kila namna. Asidi yake ni nyingi. Na asidi haikai mahali pamoja: inahama. Ukiweka karatasi nzuri juu ya kartoni mbaya, miaka inavyopita asidi inatoka kwenye kartoni na kuingia kwenye karatasi. Mwalimu alikuwa ameweka adui nyuma ya kila kitabu, akakifunga naye ndani ya sashe moja kwa miaka karibu thelathini.

Wakusanyaji wa bede wa Marekani na Ulaya walijifunza jambo hilo kwa hasara kama yeye. Kwao bede ni mali. Nambari ya kwanza ya Action Comics, ambamo Superman alionekana mara ya kwanza mwaka 1938, iliuzwa wakati ule senti 10 za dola. Mwezi wa nne 2024 nakala moja iliuzwa dola milioni 6. Paris, mwezi wa kwanza 2021, mchoro mmoja wa Hergé wa mwaka 1936, uliokusudiwa kuwa jalada la Le Lotus bleu, ulipita euro milioni 3. Kwa bei za namna hiyo, si ajabu kwamba kuna viwanda vinavyotengeneza kartoni maalum ya kuweka nyuma ya bede. Kazi yake ni mbili: kuzuia kitabu kisipinde, na kukipa jirani asiye na asidi.

Mwalimu hakuwa na ndoto ya mamilioni. Bede zake nyingi zimepoteza jalada, na baadhi zina majina ya wanafunzi yameandikwa kwa kalamu ya bluu. Lakini alijua kitu kimoja: vitabu vya watoto wa Kongo vilichapwa kwenye karatasi duni, vikasomwa mpaka vikaisha, na watu wachache sana waliviweka. Vile vijitabu ambavyo Papa Mfumu'eto alivichora kwa Kilingala na kuuzwa barabarani Kinshasa katika miaka ya 1990, leo mtu anayetaka kuona michoro yake ya asili na makaratasi yake anaweza kuvikuta katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Vilihama mbali ili vipone.

KARTONI ZILIZOKOSEA KIPIMO

Mwalimu ana mpwa wake Kampala anayefanya biashara ya vipuri. Alimwandikia kwa simu: nitafutie kartoni za kuhifadhi bede, zisizo na asidi. Mpwa akaagiza kupitia rafiki, pakiti ya mia moja. Zilichukua wiki nyingi. Zilivuka Mpondwe na Kasindi ndani ya gari la bidhaa, zikafika Butembo, kisha zikapanda moto hadi Kipese zimefunikwa bashi. Gharama ya njia ilipita bei ya kartoni zenyewe.

Alipofungua pakiti, zilikuwa nyeupe, safi, zimenyooka, unene wake kama nusu milimita na kidogo. Akachukua jarida la Spirou, akaliweka juu. Jarida lilizidi kulia, kushoto, juu na chini.

Hakuna aliyemwibia. Kartoni hizo zilikuwa za bede za Kimarekani, ambazo ni ndogo: upana wa kartoni karibu sentimita 17 na urefu karibu 26.7. Jarida la Ulaya linakaribia karatasi ya A4, ambayo ni sentimita 21 kwa 29.7. Albamu yenye jalada gumu inapita hapo. Mwalimu alikuwa ameuliza kuhusu asidi, akasahau rula. Yeye aliyewapiga wanafunzi kwa kusahau rula!

Mkosa huo unafaa kusimuliwa kwa sababu ndio wa kwanza kwa karibu kila mtu anayeanza kazi hii. Kartoni inatakiwa kukizidi kitabu kidogo pande zote, milimita chache tu, ili pembe za kartoni ndizo zigongwe, si pembe za kitabu. Na sashe inatakiwa kuizidi kartoni kidogo, ili kitabu kiingie bila kulazimishwa. Kwa hiyo unapima kitabu kwanza, kisha unachagua kartoni, kisha sashe. Ukianza na sashe, utaishia kukunja kitabu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Usiku ule mpwa alipiga simu, akaomba radhi. Mwalimu akamwambia: "Mutoto wangu, kosa ni la kwangu. Sasa tuulize vizuri." Wakaandika maswali pamoja, mmoja Kampala, mwingine Kipese, mtandao ukikatika kila dakika mbili.

Swali la kwanza: kipimo gani? Upana na urefu kwa sentimita, si jina la kipimo, kwa maana majina hayo yametungwa na wakusanyaji wa Marekani kufuata miaka ya bede zao.

Swali la pili: haina asidi tu, au haina lignini pia? Maneno "haina asidi" yanaweza kuwa kweli siku kartoni inapotoka kiwandani. Kama ndani yake bado kuna lignini, asidi itazaliwa baadaye. Kartoni nzuri haina vyote viwili.

Swali la tatu: imetiwa chokaa? Kartoni bora inatiwa kalsiamu kaboneti, ndugu wa ile chokaa ya ubaoni, mara nyingi asilimia 2 au 3. Chokaa hiyo inakaa ikingoja, asidi ikija inaimaliza. Wataalamu wanapima kwa kipimo kinachoitwa pH: 7 ni katikati, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni upande wa chokaa. Kartoni ya kuhifadhia inatakiwa kuwa juu ya 7, na nzuri zaidi inafika 8 au kupita.

Swali la nne: chokaa imo katika unene wote, au juu juu tu? Kuna kartoni za bei ndogo zinazong'aa upande mmoja, na dawa imepakwa usoni peke yake. Hizo si mbaya, lakini nguvu yake inaisha mapema, na mwenye vitabu anatakiwa kuzibadilisha baada ya miaka michache. Ile yenye chokaa ndani mpaka katikati inadumu zaidi, na bei yake inapanda.

KILE KINACHOPATIKANA BUTEMBO

Kuagiza mara ya pili kulihitaji pesa ambazo hazikuwepo. Familia ya wageni ilikuwa inakula kwenye sufuria ileile. Mwalimu akashuka Butembo na jarida moja ndani ya mfuko, na kalamu ambayo mpwa alikuwa amemtumia pamoja na pakiti. Ni kalamu ya kupimia asidi: unachora mstari mdogo kwenye kartoni, mstari ukigeuka njano, kuna asidi, ukigeuka zambarau, hakuna. Alama yake haifutiki, kwa hiyo haichorwi kamwe kwenye kitabu, bali kwenye kona ya kartoni utakayoikata na kuitupa.

Alizunguka papeteri tano. Wauzaji walimtazama kama mtu anayejaribu dhahabu. Kartoni ya kijivu: njano. Farde za rangi, zile za bei rahisi: njano. Kartoni moja nyeupe usoni na ya udongo mgongoni: usoni zambarau, mgongoni njano. Hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inavaa nguo nyeupe. Mwishowe karatasi nene ya Bristol, nyeupe pande zote mbili na nyeupe hata ukiikata: zambarau. Na karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya ofisi: zambarau pia.

Hilo la mwisho lilimfurahisha kuliko yote. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zinatengenezwa kwa chokaa. Kumbe mtu asiyeweza kupata kartoni maalum anaweza kuchukua Bristol mbili, akazibandika pamoja kwa vitone vidogo vya uji wa unga kwenye pembe ili zipate ugumu, kisha akaweka karatasi mbili za fotokopi kati ya Bristol na kitabu. Haitafikia ile ya kiwandani. Lakini inaipita mbali kartoni ya sabuni.

Asiye na kalamu ya kupimia anaweza kufanya kama mwalimu alivyofanya baadaye ili kuwaonyesha watoto. Alikata vipande vya karatasi mbalimbali, akafunika nusu ya kila kipande kwa jiwe bapa, akaviacha dirishani penye jua kwa wiki tatu. Nusu ya gazeti iliyoachwa wazi ikawa njano. Bristol haikubadilika. Kartoni ya kijivu haikuonyesha kitu, kwa sababu tayari ni chafu. Jaribio hilo linasema kuhusu karatasi nyeupe tu, na halisemi yote.

SASHE NAYO INA SIRI

Plastiki si moja. Ile nene yenye harufu kali, kama ya koti la mvua jipya au mwanasesere mpya, mara nyingi ni PVC. Inatoa mvuke wenye asidi, inanata, na baada ya miaka inang'oa wino. Majalada mengi ya plastiki ya daftari ni ya namna hiyo. Plastiki nzuri ni tatu: poliesta, ambayo ni bora na ghali, polipropileni, na polietileni. Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye nambari. Nambari 3 ni PVC, iache. Nambari 5 ni polipropileni, nambari 2 na 4 ni polietileni.

Katika soko la nguo mpya Butembo, mashati yanayotoka ng'ambo yanakuja ndani ya sashe safi zinazong'aa na kulia zikiguswa. Nyingi zimeandikwa PP, yaani polipropileni. Muuzaji mmoja alimpa mwalimu rundo zima bure, akishangaa mzee huyu anafanyia nini takataka.

Lakini hapa milimani kwetu kuna adui mwingine: unyevu. Hewa ikiwa na unyevu unaopita asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, uyoga unaota kwenye karatasi, na pini za chuma za bede zinashika kutu. Ukifunga karatasi yenye unyevu ndani ya sashe isiyopitisha hewa, umeupandia uyoga shamba. Kwa hiyo mwalimu anangoja siku kavu, anaacha vitabu vipumue mezani nusu siku kwenye kivuli, kisha anaviweka ndani na kuukunja mdomo wa sashe bila kuubandika. Skoci haiguswi kabisa: gundi yake inageuka njano na kuhamia kwenye karatasi.

MAKARATASI YA MAMA

Mpaka hapo hadithi ilikuwa ya bede. Siku moja ya mvua, yule mama aliona mwalimu anapanga kartoni, akaingia chumbani, akarudi na sashe nyeusi iliyofungwa mafundo matatu. Akaiweka mezani.

"Mwalimu, hii makaratasi njo nyumba yetu," alisema. "Ingine yote ilibakia."

Ndani kulikuwa na diplome ya marehemu mume wake, kadi za ubatizo za watoto, kadi za chanjo, bulteni za shule, picha mbili, na karatasi moja ya daftari yenye mistari. Karatasi hiyo ya daftari ilikuwa mkataba wa shamba la Kanyabayonga: jina la aliyeuza, jina la aliyenunua, mipaka, mashahidi wanne na mhuri. Mvua iliwakuta njiani. Wino wa kalamu ulikuwa umestahimili, lakini mhuri ulikuwa umeanza kusambaa kama doa la mafuta. Kurasa zilikuwa zimeshikamana.

Jirani mmoja alishauri aende zikaplastifiwe, kama watu wengi wanavyofanya. Mwalimu akakataa kwa sauti ambayo watoto hawajaizoea. Kuplastifia kunachoma karatasi kwa joto na kuibandika kwa gundi pande zote. Karatasi ikishaingia humo haitoki tena, na kama ilikuwa na unyevu, unyevu umefungiwa nayo.

Walizikausha kwa siku nne. Si motoni, si juani. Kila karatasi iliwekwa kati ya karatasi safi za fotokopi, chini ya ubao mwepesi, na karatasi hizo zilibadilishwa asubuhi na jioni. Mtoto wa pili, kijana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyepewa kazi ya kubadilisha. Hakusahau hata mara moja.

Kisha zile kartoni mia moja zilizokosea kipimo zikapata kazi. Kadi ya ubatizo haifiki sentimita 17. Kadi ya chanjo pia. Bulteni moja ilienea kama imepimwa. Picha ziliwekwa kwanza ndani ya sashe zake ndogo, kila moja peke yake, ndipo kartoni ikawekwa nyuma ya sashe, kwa sababu picha za rangi hazipendi kugusana na chokaa moja kwa moja. Karatasi ya daftari iliwekwa kati ya kartoni mbili, mbele na nyuma, ndani ya sashe. Diplome ilikuwa kubwa, ikapewa Bristol.

Kabla ya kufunga, walipiga fotokopi ya kila kitu na picha kwa simu. Fotokopi moja alibaki nayo mwalimu. Nyingine ilitumwa kwa dada wa yule mama aliyekimbilia Beni. Karatasi ya asili ikipotea, nakala haitakuwa sawa nayo mbele ya hakimu, lakini itasema jina la shahidi wa kumtafuta.

KIJANA NA SWALI LAKE

Yule kijana hakutaka makaratasi, alitaka bede. Siku za kwanza mwalimu alimkatalia. Kijana akauliza kwa heshima, macho chini: "Sokulu, buku yenye haisomwe, inachungwa juu ya nini?"

Mwalimu hakujibu siku ile. Kesho yake alizigawa bede katika marundo matatu. La kwanza lilikuwa la zile zilizovunjika sana au zilizo mbilimbili: hizo ni za kusoma mpaka ziishe. La pili ni za kusomwa kwa masharti: mikono imeoshwa na kukauka, kitabu kiko mezani, kartoni yake iko chini yake inakibeba, ukurasa unageuzwa kwa kushika pembe ya juu. La tatu, kumi na mbili tu, ni za kuhifadhi. Humo mna Jeunes pour Jeunes mbili, Mongo Sisse, Baruti. Mna pia Tintin au Congo, hadithi iliyotoka Brussels mwaka 1930 na 1931, ambayo iliwachora mababu zetu kama watoto wasio na akili. Kijana alishangaa kuikuta humo. Mwalimu alimwambia kwamba aliyetukanwa ndiye wa kwanza kuhitaji kuchunga ushahidi.

Tangu hapo, mchana baada ya shamba, watoto wa wahamaji na wa wenyeji wanakaa barazani kwa mwalimu. Kijana anasoma kwa sauti, anawatafsiria wadogo kwa Kinande. Mukaka anasikiliza akimenya maharagwe. Anasema haelewi Kifaransa, lakini ndiye anayecheka wa kwanza.

DESEMBA

Mwezi wa kumi na mbili 2024 vita vilipanda mpaka Alimbongo. Barabarani watu walikuwa wengi tena, na safari hii waliokuwa wamepokea wageni nao walianza kufunga mizigo. Mwalimu alitazama sanduku. Wanaume wawili hawalibebi hata hatua mia moja.

Alipima zile kartoni tupu zilizobaki kwenye mizani ya maharagwe. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kartoni ina uzito, lakini mia moja ya kipimo cha jarida ingekaribia kilo tatu, na kilo tatu ni chakula cha watoto siku mbili. Akachukua zile kumi na mbili za kuhifadhi, akazitia ndani ya mfuko wa mgongoni. Nyingine alizirudisha sandukuni, na sanduku akalipandisha juu ya matofali, mbali na ukuta, ili mchwa na maji visilifikie kwa urahisi. Kufuli hakuliweka. Alisema mwizi wa bede hayupo, na anayetafuta kitu kingine akikuta kufuli atavunja sanduku.

Mzigo wa mama ulikuwa umeshakuwa tayari tangu siku ile ya mvua: unene wa vidole viwili, mgumu, umenyooka, unaingia chini ya kitenge bila kuonekana. Aliulala kila usiku chini ya mto.

Mpaka maneno haya yanaandikwa, nyumba ya mwalimu bado ina watu, na sanduku bado liko juu ya matofali. Kila Jumapili kavu baada ya misa, yule mama anafungua mzigo wake mezani. Anaangalia kama kuna unyevu, kama kuna harufu, kama kuna doa. Anageuza karatasi ya shamba na kutazama mgongo wake, mahali ambapo kartoni inagusa. Mgongo ni mweupe. Anaifunga tena.